Mabega ya Kijani

Nyanya yangu hakuwahi kuzisifu nyanya zake.
Alisema tu: hizi zina mabega.
Na kweli zilikuwa nayo, kijani kilichokolea
kuzunguka kikonyo, kama shali
ambayo mwenyewe huivaa hata Julai.

Mwaka ambao kiwanda cha makopo kilileta mbegu mpya
bondeni mwa Maritsa,
mkaguzi Gencho alikuja na kadi ya rangi:
wekundu wa sare, toka kikonyo hadi kitako.
Kreti hili linaingia, hili haliingii.
Ya Stamena hayakuingia hata moja.
Akawamwagia nguruwe.
Nguruwe, anasema, hawakuomba kadi.
Kisha akakamua mbegu chache juu ya ukurasa wa kalenda,
Agosti,
zikakauka, zikagandama na tarehe.

Miaka arobaini na mitatu baadaye
niliibandua tarehe kumi na saba kwa kibanio,
nikaisaga katika maabara ya ghorofa ya pili,
nikaenda moja kwa moja kromosomu ya kumi.

Tazama jinsi habari yenyewe ilivyo ndogo.
*Kata* ni neno.
Ongeza a moja: *kataa*.
Basi ndivyo. Katika nyanya ya kiwandani
kuna A moja iliyozidi katikati ya sentensi,
na msomaji aliyemo ndani ya seli
anateleza papo hapo, anabwabwaja kidogo,
anafika kwenye nukta kabla ya maana.
Agizo lililopotea lilisema:
jenga vijiko vya kijani hata ndani ya tunda,
lisikae kungoja majani yalilishe,
lijipikie sukari yake juani.

Hakuna aliyeiba utamu.
Watu walitaka sura moja,
na utamu ulikuwa umelala upande wa pili wa ngozi.

(Kuiva nako kuna mambo yake.
Tunda likitimia hupumua etilini,
gesi isiyo na rangi,
na gesi hiyo hiyo huliamuru lipumue zaidi.
Samaki mmoja akioza, husemwa. Nyanya moja ikiiva kapuni
nazo jirani zake hulegeza kuta,
humeng'enya ukijani wao wenyewe,
wekundu hupanda, na wekundu ukivunjika
ndipo harufu:
vitu visivyofika gramu chache katika tani nzima.
Friji huvinyamazisha.
Ndiyo sababu Stamena na mama yangu
hawasemezani kila Agosti.)

Mbegu kumi na mbili nilizisoma.
Tisa, nzima kabisa.
Tatu zilikuwa na nakala mbili zisizopatana,
moja timamu, moja yenye ile A.
Shamba la jirani, nadhani. Nyuki.
Gencho aliingia hata hivyo,
kwa miguu yenye manyoya.

Jumamosi nikampelekea karatasi.
Hakuitazama; aliifanya kitambaa cha meza.
Akakata nyanya juu yake, akanyunyiza chumvi,
akavunja jibini nyeupe kwa vidole.
Maji mekundu yakaloa safu ya nne, ya tano,
sikumwambia ni safu zipi zile tatu.

Tangu homa ya Januari pua yake imefunga duka.
Kahawa ni maji ya moto, asema, na rakia ni moto bila maji.
Ulimi umebakiwa na chumvi, uchachu,
na kitu kimoja kingine.

Akatafuna, akaweka kisu chini.
"Sukari ipo," akasema. "Mabega hayajadanganya.
Hayo mengine nitajie wewe."

Nikafumba macho. Kwenye maabara
nina majina yake yote, marefu kama treni za mizigo,
hata moja halikunijia.
Nikaanza na jani,
lile la mche wake, ukilipita usiku
nguo yako ikaligusa.
"Endelea," akasema.